Taa Ikiwaka Namba Zinapotea: Jinsi Taa za Baiskeli Zinavyovuruga Vifaa Visivyotumia Waya

UTANGULIZI

Safari hii swali limetufikia kutoka kwa katekista wa mojawapo ya vigango tunakokwenda kwa utume wa kichungaji siku za Jumapili. Amepata baiskeli ya mtumba iliyotoka Ulaya, na kwenye usukani wake kuna kompyuta ndogo inayoonyesha mwendo kasi na umbali. Mchana inafanya kazi bila shida. Jioni, akiwasha taa aliyoinunua dukani, namba zinashuka hadi sifuri huku akiendelea kukanyaga pedali, au zinaruka hadi kilomita 80 kwa saa huku anapanda mlima. Akagundua kwamba akizima taa namba zinarudi. Tangu hapo akawa anazima taa kila anapotaka kujua amebakiza umbali gani kufika nyumbani. Anauliza: je, kompyuta ni mbovu, au taa ni mbovu?

Swali hili linaonekana dogo, lakini tumeona linastahili jibu kamili kwa sababu mbili. Kwanza, mtu anayezima taa kwenye barabara ya malori na bodaboda usiku, hata kwa nusu dakika, anaweka maisha yake rehani kwa ajili ya namba. Pili, swali lenyewe ni somo zuri la jinsi ya kutafuta chanzo cha jambo, na la kujua ni wakati gani kifaa kinastahili kuaminiwa. Sisi tunaosoma falsafa tunapewa masomo hayo darasani. Hapa yamekuja yakiwa yamefungwa kwenye usukani wa baiskeli.

Jibu fupi ni hili: huenda kompyuta ni nzima na taa ni nzima, lakini taa inapiga kelele ya umeme ambayo kompyuta inaisikia. Wataalamu wa mawasiliano huita jambo hili mwingiliano wa mawimbi. Tueleze hatua kwa hatua.

1. KOMPYUTA YA BAISKELI INAHESABU NINI?

Kompyuta ya baiskeli ya aina hii ina sehemu tatu. Ya kwanza ni sumaku ndogo inayofungwa kwenye spoku ya gurudumu la mbele. Ya pili ni kihisi kinachofungwa kwenye foko. Ya tatu ni skrini inayokaa kwenye usukani. Ndani ya kihisi kuna swichi ndogo sana: vijiti viwili vyembamba vya chuma ndani ya kijibomba cha kioo. Sumaku ikipita karibu, vijiti vinagusana. Ikienda zake, vinaachana. Kwa hiyo kila gurudumu likizunguka mara moja, swichi inafunga mara moja.

Skrini haijui mwendo kasi. Inachojua ni mambo mawili tu: mzunguko mmoja wa tairi ni urefu gani, na migongo mingapi imefika ndani ya muda fulani. Tuchukue tairi ambalo mzunguko wake ni mita 2.1. Mtu akienda kilomita 20 kwa saa, anasafiri takriban mita 5.6 kwa sekunde, yaani gurudumu linazunguka kama mara 2.6 kwa sekunde. Skrini inahesabu migongo hiyo, inazidisha, inaandika 20. Migongo ikipotea nusu, itaandika 10. Kwa kila mgongo wa kweli ukiongezeka mmoja wa uongo, itaandika 40. Na kwa kuwa umbali nao unatokana na hesabu hiyohiyo, kilomita za safari nzima zitakuwa zimeharibika.

Kwenye kompyuta za waya, mgongo unasafiri ndani ya waya kutoka kwenye foko hadi kwenye usukani. Kwenye zile zisizotumia waya, hasa za zamani zinazoitwa za analogia, kihisi kina koili ndogo, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Swichi ikifunga, koili inatoa mpigo mfupi wa uga wa sumaku unaotetema maelfu ya mara kwa sekunde, na koili nyingine ndani ya skrini inaupokea. Masafa yake ni ya chini ukilinganisha na ya redio: kwa nyingi ni makumi ya kilohezi hadi zaidi kidogo ya mia moja. Mikanda ya kifuani ya kupima mapigo ya moyo ya mtindo wa zamani, ambayo kampuni ya Polar ya Finland iliieneza duniani, hutumia takriban kilohezi 5. Nguvu yake ni ndogo sana kwa makusudi, ili betri ndogo kama sarafu idumu miezi mingi. Ndiyo maana kihisi cha aina hii kwa kawaida kinasikika kwa sentimita 60 au 70 tu.

Hapa kuna jambo la kukumbuka hadi mwisho wa makala hii. Mpigo wa analogia hauna jina. Ni kama mtu anayegonga mlango bila kusema yeye ni nani. Aliye ndani anasikia tu kwamba mlango umegongwa, naye anahesabu: mmoja, wawili, watatu. Kama ni mgeni aliyemtarajia au ni tawi la mwembe linalopigwa na upepo, hawezi kujua.

2. TAA YA LED INA NINI NDANI YAKE?

Taa za zamani za baiskeli zilikuwa na balbu ya uzi. Umeme wa dinamo au wa betri ulipita kwenye uzi, uzi ukapata moto, ukatoa mwanga. Kifaa cha namna hiyo kinachotumia betri hakina kelele yoyote ya maana.

Taa ya LED ni tofauti. LED inataka mkondo wa umeme usiobadilika, lakini betri ya lithiamu inabadilika: ikiwa imejaa inatoa volti 4.2, na ikikaribia kwisha inashuka kuelekea volti 3. Ili mwanga usififie, mtengenezaji ana njia mbili. Njia rahisi ni kuweka kizuizi kinachopunguza mkondo; ni kimya, lakini kinapoteza umeme kwa kuugeuza joto. Njia ya pili, inayotumika kwenye taa nyingi zenye mwanga mkali, ni saketi inayokata na kurudisha umeme kwa kasi kubwa sana, mara makumi elfu au hata mamia elfu kwa sekunde.

Mfano wake ni pipa lenye bomba dogo chini. Unataka maji yatoke kwenye bomba bila kukatika, lakini wewe una ndoo tu. Unachota, unamwaga ndani ya pipa, unachota tena. Ukichota haraka vya kutosha, anayekinga maji chini haoni kama kuna ndoo juu. Anaona mtiririko mmoja. Ndani ya taa, ndoo ni koili inayobeba nishati kwa njia ya uga wa sumaku, na pipa ni kapasita inayolainisha mkondo. Jicho linaona mwanga uliotulia. Lakini kila ndoo inapomwagwa, maji huruka pembeni. Michirizi hiyo ndiyo kelele ya umeme: uga wa sumaku unaotoka kwenye koili na kwenye nyaya, ukaenda nje ya taa.

Mtengenezaji mwangalifu hupunguza michirizi hiyo. Anachagua koili iliyofunikwa, anaweka kapasita za kutosha, anafupisha nyaya, anapanga sehemu za saketi vizuri. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kinaongeza gharama kidogo, na taa ikiuzwa kwa bei ya chini sana, mara nyingi hivyo ndivyo vinavyoachwa kwanza. Mwanga hautapungua, kwa hiyo mnunuzi dukani hataona tofauti yoyote.

Kuna kelele ya pili. Taa nyingi zina hatua za mwanga: mkali, wa kati, hafifu, na wa kumwekamweka. Mara nyingi mwanga hafifu unapatikana kwa kuiwasha na kuizima LED mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, haraka kiasi kwamba jicho linaona wastani. Ndiyo maana wakati mwingine taa inavuruga kompyuta ikiwa kwenye mwanga hafifu na kuiacha salama ikiwa kwenye mwanga mkali, jambo linalowashangaza wengi.

Mwanahisabati Mfaransa Joseph Fourier, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1822, alionyesha kwamba wimbi lenye umbo lolote linaweza kuchukuliwa kuwa jumla ya mawimbi laini ya masafa mbalimbali. Umeme unaokatwa na kurudishwa ghafla kwa nusu na nusu, mara 100,000 kwa sekunde, hauna kilohezi 100 peke yake. Ndani yake kuna pia 300, 500, 700 na kuendelea, kila moja ikiwa dhaifu kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo taa moja ndogo inaweza kugusa masafa mengi kwa pamoja. Wasomaji wetu wanalijua hili bila kulipa jina: redio ya masafa ya kati ikiwekwa karibu na balbu fulani za LED au kifaa cha kuchajia cha sola, inakoroma. Ni jambo lilelile.

3. PADRE WA SEMINARI NA KOILI YAKE

Inafaa wasomaji wa jarida la seminari wajue kwamba sehemu muhimu ya hadithi hii ilianzia seminarini. Mwaka 1831 Michael Faraday, huko Uingereza, aligundua kwamba uga wa sumaku unaobadilika unazalisha umeme kwenye waya ulio karibu, hata kama nyaya hazigusani. Miaka mitano baadaye, mwaka 1836, Padre Nicholas Callan, profesa wa falsafa ya maumbile katika chuo cha Maynooth nchini Ireland, mahali walipoandaliwa mapadre wa nchi hiyo, alitengeneza koili ya kuzalishia umeme wa volti kubwa. Alizungusha nyaya kwenye chuma, akapitisha mkondo wa betri, kisha akaukata ghafla. Aliona kwamba ni ule mkato wa ghafla unaozaa mshtuko mkubwa upande wa pili. Akatengeneza pia kifaa cha kukata na kurudisha mkondo mara nyingi kwa mfululizo. Inasimuliwa kwamba waseminari wake ndio waliokuwa wakijaribiwa nguvu ya koili hizo, na si wote waliofurahia.

Callan alifariki mwaka 1864, na sifa ya koili ilikwenda zaidi kwa fundi Heinrich Ruhmkorff wa Paris, aliyeiboresha na kuiuza. Koili ya namna hiyo ndiyo Heinrich Hertz aliyoitumia katika majaribio yake ya miaka ya 1886 hadi 1888, alipothibitisha kwamba mawimbi ya sumakuumeme yapo kweli, kama James Clerk Maxwell alivyokuwa ameonyesha kwa hesabu. Kutoka hapo ikaja redio. Masafa tunayoyataja kwa kilohezi na megahezi yana jina la Hertz.

Ukitazama vizuri, taa ya katekista wetu ina kazi ileile ya Padre Callan ndani yake: koili, mkondo, na mkato wa ghafla unaorudiwa. Na kompyuta yake inasikia kwa kanuni ya Faraday. Kwa hiyo kinachotokea kwenye usukani si hitilafu ya ajabu. Ni sheria moja ya maumbile inayotumiwa na vifaa viwili vilivyokaa karibu mno, kimoja kwa kukusudia na kingine bila kukusudia.

4. KWA NINI TAA INASHINDA KIHISI?

Mtu anaweza kuuliza: kihisi kimetengenezwa ili kisikike, kwa nini kishindwe na kelele iliyovuja tu? Jibu ni umbali.

Uga wa sumaku wa koili ndogo, ukiwa karibu na koili hiyo, unapungua haraka sana kadiri unavyoondoka. Umbali ukiwa maradufu, nguvu haipungui kwa nusu bali inabaki sehemu moja ya nane. Umbali ukiwa mara tatu, inabaki sehemu moja ya ishirini na saba. Yaani tunazidisha umbali kwa wenyewe mara tatu.

Sasa tupime kwenye baiskeli. Kihisi kiko chini kwenye foko, sentimita 60 kutoka kwenye skrini. Taa iko kwenye usukani, sentimita 5 kutoka kwenye skrini. Kihisi kiko mbali mara 12 kuliko taa. Kumi na mbili mara kumi na mbili mara kumi na mbili ni 1,728. Maana yake ni kwamba hata kama kelele ya taa kwenye masafa yale ni dhaifu mara elfu moja na zaidi kuliko sauti ya kihisi, bado itafika kwenye skrini ikiwa na nguvu sawa nayo.

Lakini hesabu hiyohiyo inatupa na tiba. Tuisogeze taa hadi sentimita 15 kutoka kwenye skrini, na tukipandishe kihisi kwenye foko hadi sentimita 40. Sasa kihisi kiko mbali chini ya mara tatu tu kuliko taa, na faida ya taa inashuka kutoka 1,728 hadi kama 19. Tumeipunguza mara tisini hivi, bila kununua kitu.

5. KUTAFUTA CHANZO KWA UTARATIBU

Kabla ya tiba, tuhakikishe ugonjwa. Si kila namba iliyopotea imepotezwa na taa. Jambo likifuata lingine halijawa bado tokeo lake. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, wala si yeye anayelileta. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alieleza njia ya tofauti: linganisha hali mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, tokeo likiwapo kwenye hali moja na kukosekana kwenye nyingine, kile kimoja ndicho cha kushukiwa. Tuitumie.

Kwanza, anza na betri mpya kwenye kihisi na kwenye skrini. Betri iliyochoka inadhoofisha sauti ya kihisi, nayo inaweza kukudanganya katika majaribio yote yanayofuata. Hakikisha pia sumaku inapita karibu na alama iliyo kwenye kihisi.

Pili, simamisha baiskeli. Gurudumu likiwa limetulia kabisa, washa taa. Kama skrini inaonyesha mwendo wowote, basi migongo inatoka kwingine, kwa sababu gurudumu halizunguki.

Tatu, inua gurudumu la mbele na mwombe mwenzako alizungushe taa ikiwa imezimwa. Angalia namba. Washa taa bila kubadilisha kitu kingine chochote. Angalia tena. Rudia mara kadhaa, kwa maana tukio la mara moja linaweza kuwa bahati.

Nne, ng'oa taa kwenye usukani, ishike mkononi ikiwa inawaka, na uisogeze mbali polepole huku gurudumu linazungushwa. Kama kweli taa ndiyo chanzo, kuna umbali ambapo namba zitarudi. Upime, maana ndio utakaokuongoza wakati wa kuifunga upya.

Tano, jaribu kila hatua ya mwanga: mkali, wa kati, hafifu, wa kumwekamweka. Andika ipi inavuruga na ipi haivurugi.

Sita, kwa ushahidi wa ziada, chukua redio ndogo ya masafa ya kati, iweke mahali pasipo na stesheni, uisogeze karibu na taa. Ikikoroma taa inapowaka na kunyamaza inapozimwa, umeisikia kelele kwa masikio yako. Isipokoroma bado hujathibitisha kwamba taa haina hatia, kwa sababu redio na kompyuta hazisikilizi masafa yaleyale.

6. TIBA

Tukishajua kwamba taa ndiyo chanzo, tunaanza na tiba zisizo na gharama.

Tiba ya kwanza ni kutenganisha. Weka skrini upande ule ule wa foko ulio na kihisi, na taa upande wa pili wa usukani. Baiskeli nyingi za kawaida zina kishikio cha taa ya dinamo mbele, chini ya usukani. Mahali hapo panafaa. Taa ya kofia nayo huiweka kelele mbali na skrini, ilimradi hata hivyo baiskeli yenyewe ibaki na taa inayoonekana na wengine.

Tiba ya pili ni kukisogeza kihisi juu, na sumaku pia, kama tulivyokwisha kuona kwenye hesabu. Hapo sumaku inakaa kwenye sehemu ya spoku iliyo karibu zaidi na ukingo wa gurudumu. La msingi ni sumaku na kihisi vikutane vizuri kila mzunguko.

Tiba ya tatu ni kugeuza. Koili mbili zinasikilizana sana zikiwa zimeelekeana kwa namna fulani, na zikigeuziana robo mzunguko zinaweza karibu kutosikiana. Kuigeuza taa kidogo kwenye kishikio chake, au kuihamishia chini ya usukani, kunaweza kuleta tofauti isiyotarajiwa.

Tiba ya nne ni kwa taa zenye betri ya pembeni na waya mrefu. Waya huo unatumika kama antena. Ufupishe kwa kuukunja vizuri mbali na skrini, na kama una nyaya mbili, zisokote pamoja ili uga wa moja ufute uga wa nyingine. Kile kidonge cheusi kinene tunachokiona kwenye nyaya za kompyuta, kiitwacho feraiti, kinaweza kusaidia, ila kinazuia zaidi kelele ya masafa ya juu.

Wengine hufunga karatasi ya foili ya jikoni kuzunguka taa. Kwa masafa haya ya chini foili ni nyembamba mno, na haizuii uga wa sumaku vya kutosha. Tena inaifanya taa ishindwe kupoa. Tusiipendekeze.

Kama yote yameshindikana, inabaki kubadilisha kifaa kimoja: taa nyingine iliyo kimya zaidi, au kompyuta ya waya, au ya kidijitali. Ukinunua taa, nenda na baiskeli yako dukani, uiwashe karibu na skrini kabla ya kulipa. Alama zilizochapwa kwenye boksi zinamaanisha kitu pale tu aliyezichapa ni mwaminifu. Mataifa yana kanuni za kuzuia kelele hizi, na kamati ya kimataifa ya kushughulikia mwingiliano wa redio, CISPR, ilianzishwa tangu mwaka 1934. Lakini kanuni haifiki peke yake kwenye kila kibanda cha sokoni.

7. VIPI KUHUSU VIFAA VYA KIDIJITALI?

Vihisi vya kisasa hutumia Bluetooth au mfumo uitwao ANT+, katika masafa ya gigahezi 2.4. Hapa mambo mawili yanabadilika. Kwanza, kelele nyingi ya taa iko chini sana ya masafa hayo, ikififia kadiri inavyopanda. Pili, na hili ni kubwa zaidi, mgeni sasa anabisha hodi na kutaja jina. Kila ujumbe una namba ya utambulisho wa kihisi chake, na una namba ya uhakiki inayoonyesha kama umeharibika njiani. Ujumbe ulioharibika unatupwa. Kwa hiyo kifaa cha kidijitali kikivurugwa, kwa kawaida hakionyeshi namba ya uongo. Kinanyamaza au kinabakiza namba ya mwisho kwa muda mfupi.

Hata hivyo si kwamba hakivurugwi kabisa. Masafa hayo yanatumiwa pia na Wi-Fi na majiko ya maikrowevu. Mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, unayafyonza. Simu ikiwa mfuko wa nyuma inaweza kupoteza kihisi kilicho mbele. Na sasa hata gia zinabadilishwa bila waya. Kampuni ya SRAM ilitangaza mfumo wake wa gia zisizotumia waya mwaka 2015, na waliofuatilia mashindano ya dunia ya baiskeli huko Kigali, Septemba 2025, waliziona baiskeli nyingi zisizo na waya wa gia. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ujumbe wa gia wa kampuni ya Shimano ungeweza kunaswa na kurudiwa na mtu mwingine, na kampuni ikatoa marekebisho ya programu. Funzo ni kwamba kutaja jina hakutoshi kama jina linaweza kuigwa.

8. JE, KOMPYUTA IMEDANGANYA?

Tumalizie na swali la kifalsafa. Skrini inapoandika kilomita 80 kwa saa huku katekista anapanda mlima taratibu, je, imesema uongo?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba hisi, juu ya kile kinachoihusu yenyewe, kwa kawaida haikosei. Kosa linaingia katika hukumu, pale akili inapounganisha au kutenganisha mambo. Kifaa si hisi wala si akili, lakini mfano unatusaidia. Koili ya skrini imepokea migongo, na migongo ilikuwapo kweli. Kosa liko kwenye hatua inayofuata, ile inayosema: "Kila mgongo ni mzunguko mmoja wa gurudumu." Hukumu hiyo iliwekwa ndani ya kifaa na mtengenezaji, nasi tunaikubali kila tunaposoma namba. Mchana ni ya kweli. Usiku, taa ikiwaka, sharti lake limevunjika.

Kwa hiyo kukiamini kifaa si kukiamini daima, wala kukitilia shaka si kukitupa. Ni kujua kinasikia nini, na ni katika hali gani kinachosikika ndicho tunachokitafuta. Hili lina uzito zaidi kwenye mkanda wa mapigo ya moyo. Mtu aliyeambiwa na daktari asivuke kiwango fulani anaweza kuona mapigo 200 kwa sababu ya taa, akaingiwa na hofu bure. Au akaona 90 tulivu wakati moyo unamwenda mbio. Huyo asisubiri skrini. Asimame, aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, ahesabu kwa sekunde 30, azidishe mara mbili. Na akijisikia vibaya, asiendelee na safari kwa sababu tu namba inasema yuko salama.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kompyuta isiyotumia waya ya analogia inahesabu migongo isiyo na jina. Kwamba taa ya LED yenye saketi ya kukata na kurudisha umeme inaweza kutoa migongo inayofanana na hiyo. Kwamba ukaribu ndio unaoipa taa ushindi. Na kwamba mara nyingi sentimita chache zinatosha kumaliza ugomvi.

Tumeona pia kwamba kati ya vifaa hivi viwili vinavyogombana, havina uzito sawa. Kompyuta inamwambia mwendeshaji jambo ambalo anaweza kulikisia kwa miguu yake na kwa miti ya njiani. Taa inamwambia dereva wa lori kwamba mbele yake kuna mtu. Wakati tiba inatafutwa, kinachozimwa ni skrini. Taa ibaki inawaka.